Tundu Juu ya Kichwa cha Mfalme

Katika Kadutu nzima, mtaa wa mlimani wa Bukavu, kuanzia sokoni hadi kule juu vijia vinakopanda kati ya nyumba na nyumba, mwanamke aliyekuwa na mikono mitupu kuliko wote alikuwa mke wa sonara. Simchongei mtu, kila aliyepita mlangoni kwa sonara huyo, Almasi, aliliona. Wake za makarani walipita wakiliza bangili, wake za wenye malori walipita na mikufu ya kufika kifuani, na vingi vya vitu hivyo vilitoka katika moto wa Almasi. Mke wake mwenyewe hakuwa hata na kipini cha sikio. Tena aliitwa Feza, neno lile lile ambalo watu wa huku hulitumia kwa fedha, na majirani hawakuchoka kucheka.

Feza alicheka nao, maana hakuwa mtu wa kununa. Alipoolewa kule Uvira alikuja na bangili za mama yake, nzito, za kujaza mkono. Wakati huo Almasi alikuwa na nyundo, koleo na ufundi aliourithi kwa baba yake, ila hakuwa na fedha hata ya kutengenezea pete. Mteja wa kwanza alipopiga hodi, Feza alijipaka sabuni mikononi, akazivua bangili moja moja, akampa mumewe. "Nitakurudishia," Almasi alisema, na alimaanisha kila neno. Kisha wakaja wateja wengine, wakahamia Bukavu, wakazaa, na kila Feza alipouliza, Almasi alimjibu kwa upole ule ule: "Ngojea kidogo."

Hakuwa mchoyo, na ni haki yake aelezwe hivyo. Alikuwa na ugonjwa wa mafundi wengi: mteja akisimama mbele yake na kumsifu, hawezi kumwambia hapana. Angempa mteja shati lake mwenyewe, kisha arudi nyumbani kumweleza mkewe kwa nini yuko kifua wazi.

Baba yake alikuwa amemwachia desturi moja ya kununua. Fedha chakavu hununuliwa kwa mizani, gunia zima kwa mara moja: sarafu za zamani, pete zilizovunjika, mikia ya vijiko. Kabla mizani haijaguswa, mnunuzi hufumba macho, husoma bismillahi, hutia mkono ndani ya gunia na kutoa kitu kimoja. Muuzaji hakipimi. Kitu hicho ni cha mkono wa kwanza. Hakiingii motoni wala hakiuzwi, ni cha mwanamke wa nyumba. Kwa Almasi vitu vya mkono wa kwanza vilikuwa na makao yao, kopo la maziwa ya unga juu ya rafu, na kila mtu nyumbani aliliita kopo la Feza. Lilikuwa tupu. Kila kazi ya mteja ilipopungukiwa kidogo, Almasi alifungua kopo akaazima kilichomo, akikusudia kukirudisha mara tu mambo yatakapotulia. Mambo ya sonara hayatulii.

Basi mwaka ule, mwaka ambao watu walikuwa bado wanazoea kuitana citoyen na citoyenne, yaani raia, badala ya bwana na bibi, binti yao Mwamini akachumbiwa na kijana wa Uvira. Feza alingoja Almasi amalize kula ndipo akasema.

"Baba Mwamini, ndoa ya mutoto iko karibu. Wageni ya Uvira watakuja, na wale wanakumbuka bangili ya mama. Nitaikala mbele yao na shingo namna hii?"

Almasi aliitazama shingo ya mkewe, na kwa mara ya kwanza katika miaka mingi aliiona. Aliona haya, akainamisha kichwa.

"Gunia yenye nitanunua sasa, iko yako," alisema. "Nimesema."

Feza aliondoa sahani, na Almasi akaona ni afadhali angegomba.

Almasi alivuka ziwa kwenda Minova siku ya soko. Huko aliishi mjane mmoja, Maman Domitille, ambaye marehemu mumewe alikuwa na duka tangu enzi za Wabelgiji na hakuwahi kuamini pesa za karatasi. Alipokufa, aliacha gunia la fedha chini ya kitanda, na mjane alikuwa amechoka kulilalia. Almasi alifumba macho, akasoma bismillahi, akatia mkono ndani. Kilichokuja kilikuwa sarafu kubwa, nzito, nyeusi kwa uzee. Maman Domitille aliitazama kidogo akasema, "Ile chukua, Papa. Njo vile desturi." Ndipo wakapima gunia.

Katika mashua ya kurudi Almasi aliigeuza sarafu ile kiganjani njia nzima. Sarafu zilizowahi kupita mikononi mwake zilikuwa nyingi. Alizijua za Wabelgiji zenye tembo, alizijua rupia za Wajerumani zenye yule mtu wa masharubu na kofia ya tai. Hii hakuijua. Upande mmoja ulikuwa na mzee mwenye ndevu za kufika kifuani, upande wa pili simba wawili wamesimama. Alipofika nyumbani aliitumbukiza ndani ya kopo, ikalia kwa sauti nzuri.

"Mukono wa kwanza," alimwambia Feza.

"Iko yangu?"

"Iko yako."

"Na gunia?"

"Na gunia. Ngojea kidogo tu, nimalizie Maman Colombe."

Maman Colombe alikuwa mke wa mwenye malori, mwanamke mkubwa wa umbo na wa sauti, na alikuwa ameagiza bangili za mikono yote miwili. Wiki ile alipita na kumsifu Almasi kwamba Bukavu nzima haina fundi mwingine, akaongeza za binti yake, kisha akaongeza mkufu. Jioni Almasi alipolitazama gunia, lilikuwa limekwisha kupewa jina. Lote lilikuwa la Maman Colombe. Alikaa mbele ya moto uliozimika akijisikia mjinga, maana alijua hasa alichofanya na hakujua namna ya kukitengua.

Ndipo akaja Placide.

Placide alikuwa mwalimu wa historia katika chuo kimoja cha mjini. Kazini, kwa kuwa serikali ilikuwa imepiga marufuku majina ya Kizungu, alikuwa citoyen Mushagalusa, amevaa abacost, ile suti isiyo na tai, iliyopigwa pasi mpaka inasimama yenyewe. Akishapanda Kadutu na kupumua, alikuwa Placide tena. Alileta pete ya mkewe Jeanine, iliyokatika. Almasi alikuwa ameitoa ile sarafu koponi aipanguse kwa majivu na ndimu, angalau Feza akiikuta iwe inang'aa. Alikuwa tayari ameshika majivu vidoleni wakati Placide alipomshika mkono.

"Papa Almasi, usipanguse. Tafadhali. Acha kwanza."

Aliichukua sarafu kwa kingo zake, namna mtu anavyoshika yai lililopasuka kidogo, akaenda nayo mlangoni kwenye mwanga. Aliigeuza na kuigeuza mpaka Almasi akaanza kuwa na wasiwasi.

"Uliipata wapi?"

"Mu gunia, Minova. Ni kitu gani?"

"Hii ni ya État Indépendant, wakati inchi ilikuwa ya mufalme peke yake, mbele Congo Belge haijakuja. Huyu ni roi Léopold mwenyewe. Argent kabisa, feza safi." Placide aliisogeza karibu na macho. "Tangu niko étudiant, nasoma bado, nakusanya makuta, pesa ya zamani. Hii niliionaka mu kitabu tu. Na kitabu ilisema zenye ziko namna hii, bila kuguswa, watu wanazitafuta mpaka Bruxelles."

Almasi alisema kwamba ni nyeusi, kwamba ingependeza zaidi ikisuguliwa. Placide akamweleza, kwa sauti ya mwalimu iliyosahau kwamba haiko darasani.

"Ile weusi njo umri yake. Ukiisugua, umeiua. Na adui mukubwa, unajua ni nani? Ni wamama. Nyingi walizitoboa, wakavaa ku shingo. Ikishatobolewa tundu moja tu, ata ndogo, imekwisha. Kwa mwenye kukusanya iko sawa na kifungo ya koti."

Nyuma ya pazia lililotenganisha karakana na chumba cha ndani, sauti ya maharage yakichambuliwa kwenye ungo ilisimama, kisha ikaendelea. Almasi hakuisikia. Placide alikuwa anamwambia jambo kubwa.

"Mi sina makuta ya kukulipa, mushahara ya mwalimu unaijua. Lakini niko na sanduku. Mubelgiji mwenye tulifundisha naye aliniachia alipoenda: vijiko, uma, visu, zote argent. Sanduku nzima. Jeanine anasema inajaza kabati bure, sisi tunakula na mukono. Unipe hii moja, mi nakupa sanduku."

Almasi alikung'uta majivu vidoleni. Sanduku zima la fedha kwa sarafu moja. Papo hapo aliona bangili mikononi mwa Feza, aliona mkufu, aliona vipuli, aliona wageni wa Uvira wakinong'onezana. Kila kitu kingerudi, na zaidi. Alikubali kabla hajamaliza kufikiri.

"Nakuja siku ya posho, kisha salongo," Placide alisema, yaani Jumamosi, watu wakimaliza kazi ya pamoja ya kusafisha mitaa. "Sherti ni moja: mutu asiiguse."

Almasi aliirudisha sarafu koponi, akafunika. Hakumwambia Feza. Alitaka kumshangaza, na zaidi ya hapo, aliogopa kulisikia neno lake mwenyewe la ngojea kidogo likitoka tena kinywani, safari hii kwa kitu alichokuwa amekwisha kumpa. Siku zile alifanya kazi akipiga mbinja. Feza naye alikuwa mchangamfu, akamwekea samaki mkubwa zaidi, na Almasi akajiona mume mwenye bahati. Ijumaa alioga mapema, akavaa kanzu, akaenda msikitini na moyo mweupe.

Jumamosi Placide alipanda mlima na sanduku begani, peke yake, jasho likimtiririka ndani ya abacost. Alikataa kumpa mchukuzi asije akaliangusha. Aliliweka juu ya meza ya Almasi, akalifungua: vijiko vimelala kwenye kitambaa cha buluu, uma juu yake, visu pembeni, na fedha yake ilikuwa nzito na nzuri. Almasi alipitisha vidole juu yake akatabasamu kama bwana harusi.

Akanyoosha mkono rafuni, akashusha kopo. Lilikuwa jepesi. Alilitikisa, halikulia. Alilifungua, akatazama ndani, kisha akaligeuza juu chini, jambo ambalo lilikuwa la bure kwa sababu alikuwa ameshaona.

"Feza," aliita, na sauti yake haikuwa nzuri.

Feza alitoka nyuma ya pazia na sinia la chai. Alikuwa amevaa kitenge chake cha sikukuu. Aliinama kuweka vikombe mbele ya mgeni, na alipoinama, kitu kizito kikatoka ndani ya kitenge na kuning'inia kwenye uzi mweusi, kikizunguka polepole: mzee wa ndevu, simba wawili, mzee wa ndevu. Tundu lilikuwa juu kabisa ya kichwa cha mfalme, dogo, la duara, safi. Na sarafu yote ilikuwa imesuguliwa kwa majivu na ndimu mpaka inawaka.

Nje mtu alikuwa akiita mbuzi.

"Maman," Placide alisema mwishowe, "nani alitoboa?"

"Miye. Na keke ya kutobolea ya Baba Mwamini, jana, akiwa ku salat." Feza alimmiminia chai. "Kuna kitu?"

Placide aliomba kuiona. Feza aliinua shingo kidogo, naye akaisogeza kwa ncha ya kidole, akaisoma upande huu na upande ule kwa muda mrefu, kama mtu anayemwangalia maiti wa rafiki yake. Lakini alikuwa mtu aliyelelewa.

"Ulitoboa muzuri," alisema. "Katikati kabisa. Inakupendeza, Maman."

Alikunywa chai yake yote. Kisha akafunga sanduku, akalibeba begani, akashuka mlima nalo taratibu zaidi kuliko alivyopanda.

Almasi alibaki amesimama katikati ya karakana. Hasira ilimpanda mpaka masikio yakawa moto. Alitaka kupiga meza, na meza ilikuwa pale, na bado hakuipiga.

"Feza. Sanduku nzima. Umeiona? Nzima. Ilikuwa ya kukutengenezea bangili, mukufu, kila kitu. Ilikuwa yako."

"Nilisikia," Feza alisema, akikusanya vikombe. "Miaka yote niko nyuma ya ile pazia, nasikia kila kitu."

"Ulisikia na mambo ya tundu?"

"Njo sababu nilitoboa."

Almasi alikaa. Feza naye aliweka sinia chini, akakaa mbele yake kwenye kigoda cha wateja, mahali ambapo hakuwahi kukaa. Aliongea bila ukali, kama anayemweleza mtu njia ya kwenda sokoni.

"Bangili ya mama yangu ilikuwa yangu. Kila kitu ya mukono wa kwanza ilikuwa yangu. Gunia ya Minova ilikuwa yangu, sasa iko ya Maman Colombe. Na sanduku ingekuwa yangu mpaka mutu apige hodi. Sibishani nawe, Baba Mwamini, najua unakusudia muzuri. Lakini kila kitu yangu inaingia mu moto, inatokea ku mukono wa mwingine. Mi nimeona afazali kimoja chenye hakuna mutu anakitaka."

"Hata ikitobolewa iko fedha," Almasi alisema kwa ukaidi, ila sauti ilikuwa imeanza kumwishia. "Inaweza kuyeyuka."

"Inaweza. Lakini mu kopo unachukua bila kuuliza. Ku shingo, itakubidi uniombe." Feza aliirudisha sarafu ndani ya kitenge, akaipigapiga juu ya nguo. "Na miye nitakujibu: ngojea kidogo."

Almasi alifungua kinywa ajibu. Kilichotoka kilikuwa kicheko. Kilianzia chini tumboni, akajaribu kukizuia kwa heshima ya ile hasira yake, kikamshinda. Feza alimtazama, kisha naye akaanza, na wakacheka wawili hao mpaka Mwamini akachungulia kuona kama wazazi wake wamepatwa na jambo. Katikati ya kicheko Almasi aliona macho yake mwenyewe yamelowa, na alijua si kwa kicheko peke yake. Aliona aibu, na pamoja na aibu aliona raha, kwa sababu mtu aliyekuwa akimdai hakuwa amemchukia.

"Leta niione," alisema alipotulia. "Sikuombi. Naiona tu."

Alilikagua tundu lile kwa jicho la fundi. Kingo hazikuwa na hata kidogo cha kukwaruza. Feza alikuwa amelisafisha kwa tupa, kama Almasi mwenyewe afanyavyo. Miaka ya kuvukuta moto na kushika koleo haikumpita bure. Ni uzi tu uliomwudhi Almasi. Uzi mweusi wa kushonea magunia, na sarafu nzito kiasi kile.

"Hii uzi inatia haya," Almasi alisema.

"Mi sina mukufu."

Almasi aliinuka, akalivuta gunia la Minova, akamwaga fedha juu ya meza.

Siku ya ndoa ya Mwamini, wanawake wa Uvira waliushika mkufu ule kwa zamu, wakauliza fundi ni nani, kana kwamba hawajui. Placide alikuja na Jeanine, na watu wa karibu waliona kwamba alimwamkia mfalme kabla ya kumwamkia mwenye shingo. Jeanine alimletea bibi harusi vijiko vya fedha vilivyofungwa kwa utepe, akasema angalau sasa vitatumika. Almasi alivitazama sana vijiko vile, akivipima kwa macho, mpaka Feza akamkoholea.

Lakini hayo yalikuja baadaye. Jumamosi ile ile, moto ukiwa umeshika na kipande cha kwanza cha mkufu kikiwa bado chekundu kwenye koleo, mlango uligongwa kwa mkono mzito. Alikuwa Maman Colombe, ameshuka kwenye lori la mumewe, amekuja kuchukua bangili zake. Alianza na sifa kutoka nje, kwamba amemwambia kila mtu hakuna fundi kama Papa Almasi, hakuna, mpaka Bujumbura.

Nyuma ya pazia ungo wa maharage ulinyamaza.

Almasi aliweka koleo chini. Aliupangusa uso, akaenda mpaka mlangoni, akasimama mbele ya mteja wake bora kuliko wote. Alitafuta maneno, na hakuyatafuta mbali, kwa sababu alikuwa ameyatumia nyumbani kwake tangu ujana wake na yalikuwa yamezoea ulimi.

"Maman Colombe," alimwambia kwa upole, "ngojea kidogo."